Kipande cha Sekunde Tisa cha Marlys Lindgren

Ndugu waombolezaji, familia imeomba mzisikilize kwa utulivu habari za maisha ya mpendwa wetu.

Marlys Lindgren alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Duluth, Minnesota, mtoto wa kwanza wa Nils na Solveig Haugland, akafuatiwa miaka minne baadaye na Ardis, mdogo wake wa pekee. Alihitimu sekondari Juni 1969, na mwaka 1973 akaajiriwa na kituo cha televisheni cha mjini kama mhariri wa picha za video, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Roy Lindgren, wakajaliwa binti mmoja, Karna.

Oktoba 1987 alimrekodi mama yake kwa saa tatu, akisimulia maisha yake huku akipika mikate ya viazi, akachukua dakika nne za kurushwa hewani, na kanda akairudisha kabatini kituoni, ambako kwa desturi kanda zilitumika tena, ikarekodiwa juu yake mechi ya mpira wa magongo wa barafuni. Wiki mbili baadaye mama akafariki. Ardis alipoiomba kanda hiyo na kuambiwa ukweli, alisema, "Umemfuta mama kwa ajili ya mpira?" na hakuongea na dada yake kwa miaka thelathini na moja.

Tangu hapo Marlys hakufuta kitu. Kila picha ndefu aliigawa vipande vidogo, akakipa kila kimoja tarehe, jina la kinachotokea ndani yake, na sekunde mbili za ziada mwanzo na mwisho, akiwagombeza vijana wa kazini, "Mwacheni mtu avute pumzi, jamani, mnamkata kama soseji!"

Februari 2019 aligundulika na saratani ya kongosho, akashauriwa kupumzika, naye, mbishi kama tulivyomjua, akakaa na kanda zote za nyumbani, saa sitini na moja, akazigawa vipande 1,140. Katika Krismasi ya 1986, nyuma ya kelele za sahani, akaisikia sauti ya mama. Akatenga sekunde tisa, akaziita "Mama anamwita Ardis aje kula," akamtumia mdogo wake bila barua.

Ardis aliendesha gari kutoka mji wa Fargo siku iyo hiyo alipozipata. Marlys alimpokea kitandani akisema, "Umechelewa wewe, chakula kimepoa." Walicheka, wakalia, wakapata siku kumi na moja, hadi tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta vyakula bila kuombwa, na wenzake wa kituoni. Anayewasomea ni Ardis mwenyewe, ambaye anaijutia ile miaka, lakini hakuikata katika historia hii, kwa kuwa marehemu asingeikata.

Pumzika kwa amani, dada. Mama anaita, tangulia mezani, nami nakuja.