Kaburi Lililoandikwa "Baba": Maisha ya Mwalimu Fabian Wenseslaus Mmasi (1968–2025)

Wapendwa, kabla hatujamfukia, hebu mwoneni kwanza Fabian akifika kwenu. Ni asubuhi, ukungu ndio kwanza unapanda mlimani. Anatokea kwenye kinjia chenye ua wa masale, suruali ameichomeka ndani ya buti za mvua, tepu ya kupimia ameitundika begani. Anapiga hodi. Mnamkaribisha, mnamsogezea kiti, naye hakai. Anasimama palepale migomba inapoanzia, anauliza kwa sauti yake ya chini: "Wazee wamelala upande gani?" Alitaka kujua asije akakanyaga. Akishaonyeshwa, ndipo alipozunguka upande wa pili, akakaa, akapokea chai. Hakuna kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, alichoingia bila kuuliza hivyo, na wengi wenu mliosimama hapa aliwauliza.

Fabian alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Uru, kwenye kihamba cha babu yake, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Wenseslaus Mmasi, mkulima wa kahawa na katekista, na mama Mektrida, ambaye tumemkalisha hapa mbele. Mdogo wake, Thadeus, alizaliwa miaka tisa baadaye. Katikati mama alizika watoto wawili wachanga, nao walilala chini ya migomba ileile, pasipo jiwe wala jina. Fabian alijua walipo. Alikuwa akipita pale anapunguza mwendo.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1976. Siku moja mwalimu aliwaambia watoto wachore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Wenzake walichora kanisa, duka na mti mkubwa. Fabian alichora makaburi: ukifika kwa babu kata kulia, ukimpita shangazi shuka mfereji. Mwalimu akaigeuza ile karatasi huku na huku.

"Fabian, na watu walio hai wako wapi?"

"Hao wanahamahama, Mwalimu."

Alichapwa kidogo kwa jibu lile, lakini ramani ilibandikwa ukutani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akasoma sekondari mjini Moshi hadi kidato cha sita, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya ualimu katika jiografia mwaka 1993.

Mwaka uliofuata alipangiwa kufundisha sekondari Sanya Juu, akakaa huko miaka mingi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kontua, kwa sababu hata ubao alikuwa akiufuta kwa mistari ya mviringo kama ya mlima kwenye ramani. Baadaye alisoma shahada ya uzamili, akawa mhadhiri katika chuo kimoja mjini Moshi mpaka ugonjwa ulipomwondoa darasani.

Tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa takatifu na Pamela, fundi cherehani wa Rau, na huko Rau ndiko walikojenga. Pamela husimulia kwamba siku ya kwanza kuletwa kwa wakwe, bwana harusi mtarajiwa alimzungusha kihamba kizima akimtambulisha kwa waliolala, mmoja mmoja, hadi supu ya mtori ikapoa. Akamwambia, "Fabian, nimekuja kuolewa, sikuja matanga." Mungu aliwajalia watoto wawili, Monica na Primus.

Mzee Wenseslaus alifariki mwaka 2003, akazikwa kihambani, kwenye safu ya kahawa aliyoipanda mwenyewe. Miaka michache baadaye watoto walimjengea kaburi la zege, na Fabian ndiye aliyechagua vigae vyeupe. Lilipendeza. Majirani walikuja kuliangalia. Lakini kila alipokuja likizo, Fabian alisimama pale akitazama kitu ambacho wengine hatukukiona. Makaburi ya zamani yalikuwa ya udongo, na baada ya muda mgomba ulirudi juu yake. Juu ya kigae hakirudi kitu. Na kile kihamba, kilichokuwa cha nyumba moja, kilikuwa kimeshagawanywa mara tatu.

Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomchukua miaka yake ya mwisho. Alitaka kuandika makala ya utafiti, apeleke kwenye jarida la jiografia linalosomwa duniani, aonyeshe jinsi makaburi ya zege yanavyokula vihamba vya mteremko huu, na aulize watu wa mlima watazikana wapi huko mbele. Hakuwahi kuchapisha makala iliyo yake peke yake. Alianza mwaka 2018, kihamba kwa kihamba, na tepu yake. Bibi mmoja wa hapa jirani alimkuta amepiga magoti anapima.

"We mtoto wa Wenseslaus, unanipimia la kwangu?"

"Hapana bibi, shikamoo. Napima la mzee."

"Marahaba. Basi pima na la kwangu kabisa, usije ukarudi mara mbili."

Alikuja kurudi, maskini, lakini bila tepu. Alirudi kumzika.

Mswada ulipokamilika ulikuwa mnene mno, na jarida lilitaka maneno yasiyozidi elfu nane. Fabian alikaa mezani Rau akikata. Kila aya aliyoiondoa alimsomea Pamela kwanza, kama mtu anayeaga, na Pamela, mguu kwenye cherehani, alimjibu, "Hiyo kata. Hiyo acha. Hiyo umeshaisema juu." Marejeo yalipangwa upya, ikisiri ikaandikwa na kuandikwa tena, ramani zikachorwa zisomeke hata zikipunguzwa. Mwisho kabisa alitakiwa kuondoa kila dalili ya jina lake, kwa sababu wahakiki wa jarida husoma bila kumjua aliyeandika. Akafuta jina, akafuta chuo, akafuta shukrani kwa familia. Februari 2024 Monica alimsaidia kuutuma kwa mtandao kutoka Dar es Salaam.

Juni mwaka huohuo chakula kilianza kumkwama. Alidhani ni ndizi haikuiva. Vipimo vya hospitali ya rufaa vikaonyesha saratani ya umio, nayo ilikuwa imeshatembea. Mtu aliyependa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kuliko mtu yeyote wa ukoo huu alibaki akinywa uji mwepesi kwa kijiko, akipumzika kila baada ya vijiko viwili.

Agosti majibu ya jarida yakaja. Mhakiki wa kwanza aliridhika. Wa pili aliandika jambo lililomfanya Fabian aitishe miwani asome tena. Katika kufuta jina lake kote, alisahau kielelezo cha tatu, ramani ya kihamba cha mfano, ambacho kilikuwa cha nyumbani kwetu. Makaburi mengine yote aliyapa namba. Moja aliliandika kama alivyozoea kuliita tangu alipolichora kwa mkono: "Baba."

Mhakiki yule, ambaye hatumjui hata leo, aliandika kwa adabu: naona mwandishi ana baba kwenye ramani hii. Simlaumu. Lakini kama anawauliza watu hawa watazikwa wapi, basi naye amwambie msomaji atazikwa wapi.

Pamela anasema Fabian alicheka mpaka akakohoa.

Kufuta neno moja ramanini ni kazi ya dakika. Hakulifuta. Alichofanya ni kuongeza sentensi moja kwenye sehemu ya mbinu za utafiti, na sentensi hiyo ndiyo iliyotukosesha usingizi familia nzima. Ilisema kwamba mwandishi ni mtoto wa kihamba kilichoonyeshwa, kwamba baba yake amelala pale, na kwamba yeye mwenyewe atazikwa kwenye makaburi ya parokia. Pamela aliposomewa alisimamisha cherehani.

"Hutaandika 'atazikwa'. Mtu hajiziki. Andika 'ameomba'. Hayo mengine tuachie sisi."

Fabian akaandika "ameomba".

Mnajua wote tulivyolichukulia jambo hili. Eneo hili tuliposimama, parokia ililitenga zamani, na waliolazwa hapa ni wale tuliozoea kuwaita wasio na kwao: mwalimu mgeni aliyefia kazini, msafiri, mlinzi. Mtu wa Uru mwenye kihamba hajawahi kuletwa hapa. Anaweza kufia Dar es Salaam, anaweza kufia Ulaya, atarudishwa alale kwao. Thadeus, ambaye ndiye anayekaa kwenye kihamba cha mzee, alishuka Rau siku iliyofuata, hata chai hakuitaka.

"Kaka, ukienda kule watu watasema nimekunyima mahali pa kulala. Wewe utakuwa umepumzika. Mimi ndiye nitakayekutana nao gengeni."

"Mahali unanipa, Thadeus. Mimi ndiye nakataa. Una watoto wanne. Unataka wapande kahawa juu yangu?"

"Basi iache makala yako, futa tu hiyo sentensi. Kwani huko kwao nani atakuja Uru kuhakikisha?"

Fabian alimeza mate kwa shida, kama alivyokuwa akimeza kila kitu siku hizo.

"Utahakikisha wewe. Mimi sitakuwepo."

Thadeus aliondoka bila kuaga. Ni Thadeus mwenyewe aliyetaka hili lisemwe leo.

Mama naye alipandishwa gari akaenda kumwona mwanawe.

"Nimesikia unataka kulala na wageni."

"Si wageni, mama. Ni Wakristo wenzako."

"Wakristo wenzangu nakutana nao jumuiya, Jumamosi, halafu kila mtu anarudi kwake. Kulala ni kitu kingine." Akamshika mkono uliobaki mifupa. "Sina neno na zege wala kahawa. Mimi nauliza, asubuhi nani atakusalimia?"

Fabian alimwambia Monica baadaye kwamba wahakiki wote wawili hawakuuliza swali gumu kama lile, na kwamba ndani ya maneno elfu nane hakulijibu.

Alimaliza marekebisho akiwa amelala, Monica akiandika na yeye akitamka, neno moja moja. Tarehe 11 Novemba 2024 mswada ulirudishwa kwa jarida, na sentensi ikiwa ndani, na kaburi la kielelezo cha tatu likiwa bado limeandikwa "Baba". Barua kwa mhariri ilieleza kila badiliko lililofanyika. Mbele ya maoni ya mhakiki wa pili Fabian alitamka maneno mawili tu: "Asante. Nimejibu."

Krismasi alikuja Uru mara ya mwisho. Hakuweza kutembea kihambani. Alikaa barazani akiangalia. Mwalimu Fabian alifariki dunia Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, nyumbani kwake Rau, baada ya kupokea sakramenti ya mpako wa wagonjwa. Pamela alikuwa amemshika kichwa.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumatano. Tusifiche, kilikuwa kizito. Thadeus alikuwa ameshakata mibuni miwili kando ya kaburi la mzee, akapima mahali kwa miguu. Wengi walikuwa upande wake. Walisema sentensi ni ya wazungu na maiti ni yetu. Ndipo mama Mektrida akauliza:

"Huko parokiani, atalala kati ya nani na nani?"

Monica akasimama, akaingia ndani, akarudi na ramani. Baba yake alikuwa amepima na huku, kama alivyopima kwingine kote, na makaburi ya huku hakuyapa namba. Aliuliza parokiani jina la kila aliyelala, akaliandika. Monica akamwekea bibi yake kidole kwenye karatasi: hapa kushoto ni Antoni, mlinzi wa parokia, yule mtu wa Singida aliyekuwa akitufungulia geti la kanisa. Hapa ni baba.

"Na kulia?"

"Kulia hakuna mtu, bibi."

Mama aliishika ile karatasi muda mrefu. Haoni vizuri, lakini aliishika. Kisha akasema, "Antoni alikuwa anasalimia watu vizuri." Thadeus aliinuka, akachukua jembe, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchimba hapa. Visiki vya mibuni ile miwili ameviacha. Huenda vikachipua.

Jarida halijajibu. Huenda makala ikakubaliwa, huenda ikakataliwa. Hilo hatuna uwezo nalo. Ile sentensi moja tu ndiyo iliyokuwa mikononi mwetu, nayo leo imetimia.

Marehemu ameacha mama yake, Mektrida; mjane wake, Pamela; watoto wake, Monica na Primus; mdogo wake, Thadeus, na familia yake; pamoja na wanafunzi wake wa Sanya Juu na Moshi, ambao aliwahesabu kama ukoo. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ampe Fabian usingizi mtulivu, koo lake lisiume tena, na amwonyeshe upande waliolala wazee.

Kaburi hili halitawekwa vigae. Litabaki udongo, kama alivyoomba. Kushoto kwake yuko Antoni. Kulia, pale mlipoweka mashada, ni nyasi tupu. Sisi tutapanda kurudi kila mtu kwenye kihamba chake, kwa watu wake, naye tutamwacha hapa, wa kwanza wa ukoo wetu. Mama aliuliza asubuhi nani atamsalimia. Basi, wapendwa, siku yake ikifika, ni nani kati yetu atakayekubali kuja kulala upande ule wa kulia?