Seth Ndahani Chilongani, Aliyepigana na Sahani Yake

Ndugu, jamaa na majirani wa Nkuhungu, mama yetu ameniagiza nisome maisha ya mume wake kama yalivyokuwa. Amesema nisifiche kitu, kwa kuwa nyote mlituona.

Marehemu Seth Ndahani Chilongani alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mvumi, mtoto wa nne wa mzee Ndahani, mfugaji na mkulima wa uwele. Shule aliishia darasa la sita. Alimpiga kiranja mkuu kwa mpini wa jembe na hakurudi tena. Alichunga ng'ombe wa baba yake hadi mwaka 1985, akaja Dodoma mjini kubeba magunia soko la Majengo, ambako ngumi zake zilijulikana kabla ya jina lake. Mwaka 1994 alifungua bucha hapohapo, na ng'ombe akawa anawafuata mnadani mwenyewe.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa kanisani na Penina Malogo. Walijaliwa watoto wawili: Devota, ndiye mimi ninayesoma, na Denis.

Marehemu alipenda kula. Asubuhi supu na chapati, mchana mlima wa ugali na nyama ya mafuta, na soda haikukauka mkononi. Agosti 2019 kizunguzungu kilimwangusha buchani akiwa ameshika shoka, likampasua paja. Hospitalini, wakati anashonwa, ikagundulika ana kisukari aina ya pili. Uzito wake ulikuwa kilo 118.

"Mzee wangu," daktari alimwambia, "ugali upungue, soda iishe kabisa, na utembee kila siku. Kidonda hiki kisipopona tutakata mguu."

"Nitaanza kukukata wewe," marehemu akajibu.

Jioni ya kwanza nyumbani, mama alimwekea ugali wa ukubwa wa ngumi, na mboga za majani zikajaa sahani.

"Mama Devota, hiki ni chakula cha kuku?"

Aliipiga meza teke. Sufuria ya maharage yaliyotoka kuchemka ilimmwagikia mama mkono mzima. Denis alipoingia kati alirushwa ukutani, akavunjika mfupa wa bega. Kovu la mkono mama analo hadi leo, na ni yeye aliyetaka litajwe hapa.

Mama hakurudi kwao. Alikwenda Majengo, mkono ukiwa umefungwa bandeji, akapita kwa wauza supu na mama lishe akiwaomba wasimuuzie mume wake. Wengi walimwogopa marehemu, wakaendelea kumuuzia. Mmoja alikataa: Bwana Abdulwahab, muuza supu, mtu wa Kondoa, ambaye yuko nasi hapa. Marehemu alimpiga ngumi ya mdomo, meno mawili yakatoka. Bwana Abdulwahab aliinuka, damu ikimchuruzika kifuani.

"Piga tena, Chilongani. Supu ya mafuta kwangu hupati. Mkeo amekuja kuniomba na ule mkono uliouunguza. Wewe hata kumsikiliza umeshindwa?"

Marehemu aligeuka, akatembea kwa miguu hadi Mkonze, nje ya mji, akarudi nyumbani jua linazama. Miaka kadhaa baadaye alitueleza, "Siku ile sikutembea kwa ajili ya sukari. Nilitembea nisije nikaua mtu."

Jioni hiyo alikaa mezani akasema, "Mama Devota, nipe kile chakula cha kuku."

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kuna siku njaa ilimpandisha hasira akavunja mlango wa jikoni kwa ngumi. Lakini hakumgusa mtu tena. Hasira ikimshika, alivaa viatu akaondoka. Alimwomba Bwana Abdulwahab radhi mbele ya soko, wakawa wanatembea wote alfajiri. Kila Jumamosi alipanda kwenye mzani wa magunia, na wauza mahindi wakapiga kelele, "Gunia limepungua!" Naye alicheka, mtu ambaye zamani angewapasua vichwa. Alifika kilo 86, na mguu ukapona.

Jumatano, tarehe 7 Mei 2025, dume la ng'ombe lilikata kamba mnadani. Lilimrusha mzee mmoja, kisha likamgeukia mama muuza karanga aliyekuwa amekaa chini. Marehemu alikimbia akalidaka pembe. Waliokuwepo wanasema kwa mwili wake wa zamani asingewahi. Dume lilimchoma mbavuni, likamburuta hadi lilipopigwa shoka.

Alilazwa siku mbili. Ijumaa asubuhi aliuliza, "Yule mama wa karanga?"

"Mzima," mama akamjibu.

"Basi," akasema. Alifariki asubuhi hiyohiyo.

Ameacha mjane, Penina, watoto, Devota na Denis, wajukuu watatu, na dada zake wawili walioko Mvumi. Bwana ampokee. Mapigano yake yamekwisha, sasa apumzike.