Kilo Moja ya Desanka

Mgeni rasmi, Dakta Tihomir Obradin, Mkuu wa Idara ya Mifupa, Padri Nektarije, majirani zetu wote mliofika:

MAKARIBISHO

Sisi wanawake kumi na wawili wa Kikundi cha Jumanne, Donji Vrbak, tunakupokea kwa mkate na chumvi kama ilivyo desturi. Mkate ni mdogo safari hii, utatuwia radhi. Tunajua una saa moja tu, kisha unarudi kufunga orodha ya upasuaji. Kwa hiyo hatutakupotezea muda.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza Oktoba. Mwenzetu Desanka Prokić, fundi cherehani wa miaka hamsini na tisa, aliambiwa na idara yako kwamba magoti yake yote mawili yameisha, na kwamba hapasuliwi mpaka awe chini ya kilo mia. Alikuwa na mia moja ishirini na moja. Tukasema hapungui peke yake, tunapungua naye.

Kufikia Februari alikuwa na mia moja na sita. Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Kisha mshale wa mizani ukagoma. Wiki ya kwanza mia na sita, ya tatu mia na sita, ya saba ile ile. Ndipo alipokuja kwako, nawe ukamwambia: "Mama, wewe unakula kwa siri. Una mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo nafasi nampa mwingine."

Mgeni rasmi, yale maneno yalituuma. Lakini hatutajifanya watakatifu, maana hata sisi tulimshuku. Jumamosi hiyo tuliingia jikoni kwake bila hodi, tukafungua makabati yote.

"Mnatafuta nini, nyie polisi?" akauliza.

"Nyama, shoga," akajibu Bi Vukosava, mweka hazina wetu. "Unaificha wapi?"

"Nyama ndani ya Kwaresima? Mna wazimu! Tafuteni jibini basi, tafuteni na mayai!"

Hakukuwa na nyama, jibini wala yai. Kulikuwa na mkate, maharage yanayoelea mafuta, viazi vya kukaanga na haluwa ya alizeti. Vyote halali vya mfungo, na vyote vilikuwa mezani kwetu pia. Hakuna aliyekula kwa siri. Tulikula mchana kweupe, tukiamini kwamba kisichovunja mfungo hakinenepeshi.

TULIYOYAWEZA

Tulipomsimulia hayo, Nesi Milunka wa zahanati alicheka mpaka akakaa chini. "Mama zangu," alisema, "kijiko cha mafuta hakijui kalenda ya kanisa." Akatueleza na jambo jingine: mwili uliopungua unatumia chakula kidogo kuliko ule wa zamani, kwa hiyo sahani iliyompunguza Desanka Oktoba ilikuwa sasa inamtosha kubaki pale pale.

Tulibadilisha sahani. Nusu mboga, mkate kipande kimoja, mafuta kwa kupima, na samaki au maharage kila mlo ili misuli isiyeyuke. Asubuhi tulimpeleka kwenye bwawa la maji moto, akatembea ndani ya maji yanayompokea uzito. Jioni, akiwa kitini, alinyanyua chupa za mchanga huku akitutukana mmoja mmoja kwa jina. Wiki ya pili mshale ukasogea. Tulilia, hatuoni haya kusema.

YANAYOTUKWAZA

Leo ni tarehe thelathini Juni. Saa moja asubuhi Desanka alipanda mizani ikasoma mia moja na moja.

Bi Vukosava alinong'ona, "Tuirudishe nyuma kidogo, nani atajua?"

"Nitajua mimi," Desanka akamjibu. "Nisomeeni hiyo hiyo. Alishaniita mwongo mara moja, hapati ya pili."

Ndiyo tumeisoma. Kilo moja juu ya kikomo chako. Tunaogopa, Dakta. Tumesikia anayeondolewa kwenye orodha husubiri miaka miwili, na magoti yale hayana miaka miwili.

TUNACHOOMBA

Hatuombi uvunje kanuni. Tunaomba usome daftari lake lote la mizani na milo, wiki ile ya saba na wiki kumi zilizofuata, halafu uamue kama huyu ni mtu wa kula kwa siri. Tunaomba pia umwambie mwenyewe, macho kwa macho.

Unajiuliza yuko wapi. Ukumbi huu uko ghorofani, na ngazi ina vidato ishirini na viwili. Tulitaka kumbeba kwa kiti akakataa: "Mimi si kabati." Alianza kupanda wakati gari lako linaingia. Sauti ya fimbo unayoisikia nje ya mlango ni yake, na kwa hesabu yetu bado vidato vitano.

Tunaomba usiangalie saa mpaka afike.

Mungu aibariki mikono yako, na wote wanaoingojea.

Ni sisi,
Kikundi cha Jumanne, Donji Vrbak
Imesomwa na Radojka Simonović, Katibu