Wasfi Bushara, Mkaanga Taamia wa Shubra

Baba Padri, ndugu, majirani na wateja mliofunga shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu, kwa niaba ya familia tunaomba utulivu wenu kwa dakika chache, tuwaeleze maisha ya marehemu Wasfi Bushara Tadros, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa aproni yake ya kijivu na karai lake la mafuta kabla hamjalijua jina lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1949 mjini Mallawi, mkoa wa Minya, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bushara Tadros, fundi seremala, na Bi. Demiana. Alianza shule ya msingi hukohuko Mallawi mwaka 1956, na baba yake alipofariki, mama yake alimleta Kairo mwaka 1961, wakafikia kwa mjomba wake hapa Shubra, ambako aliendelea na masomo hadi mwaka 1965 alipoyaacha mwenyewe, akisema kwamba kila mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni, yeye alikuwa akisikia harufu ya vitunguu kutoka mtaani, na hesabu zikawa haziingii.

Mwaka huohuo alianza kazi kwa mzee Shafiq, aliyemfundisha kukaanga taamia, hizi bajia zetu za maharage mapana, kotimiri na liki, akaenda jeshini mwaka 1970, akarudi mzima mwaka 1974, na tarehe 4 Aprili 1977, watu wakiwa kwenye mfungo wa Kwaresima, hawali nyama, alifungua duka lake mwenyewe, ambalo upana wake ni mlango mmoja hadi leo. Alasiri akishafunga hakwenda nyumbani moja kwa moja, bali alizunguka mji kwa miguu akila vya wenzake, kiazi kitamu kutoka kwenye mkokoteni wenye tanuri, ini la kukaanga ndani ya mkate, juisi ya miwa akiwa amesimama kaunta, na hatukumbuki siku aliyorudi bila habari ya mtu fulani aliyebadilisha pilipili.

Nargis Labib alikuwa karani wa ofisi ya simu, akinunua taamia nne kila siku ya mfungo, na mfungo ulipoisha akaendelea kuja, hapo marehemu akaelewa. Baba yake Nargis alikataa kwa zaidi ya mwaka mmoja, akasema, "Binti yangu hataolewa na harufu ya mafuta," naye Nargis akamjibu kwa upole, "Baba, mimi harufu hiyo nimeshaizoea, aliyebaki ni wewe." Walifunga ndoa takatifu tarehe 22 Oktoba 1978, wakajaliwa watoto wawili, Kirolos mwaka 1980 na Irini mwaka 1984, na wajukuu watano.

Mwezi wa Julai 2017 marehemu aligundulika kuwa na saratani kwenye shina la ulimi. Alitibiwa kwa mionzi, akamaliza tarehe 2 Novemba mwaka huo, na saratani ikaondoka, lakini iliondoka pamoja na ladha. Daktari Hanaa alimwambia ukweli, kwamba huenda ladha ingerudi ndani ya mwaka mmoja, na huenda isirudi kabisa. Kirolos alichukua karai, na baba yake akawa anakaa nje ya duka akitazama watu wanavyotafuna, haendi popote, hali chochote, akisema kila kitu mdomoni ni karatasi iliyolowa. Kutoka kilo themanini na nne alishuka hadi hamsini na saba. Irini alimpikia, akamlilia, wakagombana, hata siku moja akamwambia binti yake, "Usinilazimishe kula karatasi, mwanangu, nimechoka."

Mama Nargis hakugombana naye. Kila Ijumaa alasiri alimvalisha koti, akamshika mkono, wakaenda kulekule alikozoea kuzunguka peke yake, akamnunulia kidogo hiki na kidogo kile, marehemu akionja kwa kumridhisha mkewe tu, kisha akitikisa kichwa. Walifanya hivyo miezi kumi na moja. Mwishoni mwa Septemba 2018 madaktari waliamua apasuliwe tumbo awekewe mpira wa kulishia, siku ikapangwa Jumatatu tarehe 8 Oktoba, na marehemu akatuita mmoja mmoja kutuaga, ingawa hakulitaja neno hilo.

Ijumaa ya tarehe 5 walitoka kama kawaida, wakafika kando ya Nile pale Rod el-Farag, mama akanunua turmus, zile mbegu za njano zinazolowekwa kwenye maji ya chumvi, kwa muuzaji aitwaye Hamdi. Marehemu alimenya moja, akatafuna, akakunja uso, akamwambia muuzaji, "Kijana, chumvi imezidi."

"Mzee, nauza hapa mwaka wa tisa, hajalalamika mtu."

"Basi wamekuonea haya. Imezidi."

Hamdi akaudhika, akafunga nyingine kutoka chungu cha pili, akamwambia, "Haya, onja na hizi, uniambie tena," marehemu akaonja, akasema hizi zina ndimu, afadhali kidogo, na ndipo alipogeuka akamwona mkewe ameketi ukingoni, analia, mikono yote miwili imefunika uso. Alimuuliza, "Mama Kirolos, una nini?" Kisha akaelewa mwenyewe, akaketi kando yake, wakamaliza pakiti zote mbili. Jumatatu ilipofika walimpelekea Daktari Hanaa taamia, na ule mpira haukuwekwa.

Mungu alimwongezea miaka minne na miezi minane, akarudi kwenye kilo sabini na sita na kwenye mizunguko yake, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, ukiwa mfungo wa Mitume, alikula taamia tatu na mkate, akamwambia Kirolos kotimiri imepungua, akaegemea kiti, na moyo wake ukasimama hapohapo bila maumivu. Tumehuzunika, lakini hatukuondokewa na mtu aliyetazama watu wakila.

Familia inamshukuru Daktari Hanaa na wauguzi wake, majirani wote wa mtaa, wakaanga wenzake waliozima majiko leo, na Bwana Hamdi, aliyeketi pale nyuma, ambaye hadi jana hakujua kwa nini yule mama alilia mbele ya chungu chake.

Umeondoka umeshiba, baba Kirolos. Pumzika.