Sakafu Niliyoacha Kuifagia

Wazee, shikamooni. Wenzangu wa kanisani, na nyinyi wa upande wa msikiti mliokubali kuja kukaa nasi, habari za kutwa. Nimeombwa nisimame niseme yaliyonipata. Majina ya watu sitayataja. Mnawajua, na wao wanajijua, inatosha. Nitasema habari za kuku, maana kuku hawana mtu wa kwenda kumshtakia.

Niliolewa hapa Ulemo nikitokea Misigiri. Mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, kama waume wengi wa hapa. Mkataba ulipokwisha wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Hatukusikia kwamba amekufa wala kwamba yu hai. Nikabaki na binti yangu mdogo, na kuku. Kwa kuku hao tulipata chumvi na nguo, na mgeni akija hatukuona haya.

Siku hizo kuku walilala ndani ya tembe pamoja na sisi. Akapita bwana shamba wa serikali, akasema kuku wajengewe nyumba yao. Wengi walimcheka. Mimi nina ugonjwa mmoja: nikisikia jambo jipya situlii mpaka nimelijaribu. Nikajenga banda uani kwa miti na udongo. Sakafu nikaisiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ikatoka laini kama ya chumbani. Na kila asubuhi nikaitunza kama mama yangu alivyonifunza kutunza nyumba, nanyunyiza maji vumbi litulie, nafagia, nanyunyiza tena. Akina mama, mnajua wenyewe. Huku kwetu mwanamke hupimwa kwa sakafu yake kabla ugali wake haujaonjwa.

Mvua zilipokuja, vifaranga wakaanza kufa. Unamkuta amejikunyata, mbawa zimeshuka, kinyesi kina damu, na jioni amekwisha. Nikazidi kufagia. Wakazidi kufa. Mwaka wa pili, mvua za kwanza tu, ikawa hivyo hivyo. Ndipo mama mkwe wangu akaniita mbele ya shemeji zangu.

"Mwanangu hajarudi," akasema, "na sasa hata kuku hawakai kwako. Mkono wako unaua. Mvua zikiisha na hali ni hii, utarudi kwenu Misigiri. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Ndugu zangu, nisikilizeni. Kurudi kwetu si kitu, ni mwendo wa miguu tu. Lakini niende, nimwache yule mtoto? Nililia mpaka machozi yakakauka, na yalipokauka nikaanza kuutazama mkono wenyewe. Mkono huu unapanda uwele, unaota. Unampakata mtoto, ananenepa. Sasa unauaje kuku?

Nilikuwa na tetea mmoja mwekundu, mkaidi kupita kiasi. Yeye banda alilikataa tangu siku ya kwanza. Akaatamia nyuma ya nyumba, chini ya upenu, pale tulipomwaga makapi ya uwele baada ya kupura. Mnacheka, lakini vifaranga wake walikuwa wanakimbizana huku wenzao nawazika. Nikajiuliza: chakula ni kile kile, maji ni yale yale, mkono ni huu huu. Wamezidiana nini?

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya tetea. Akanidonoa, lakini niliyotaka kuyajua niliyajua. Makapi yalikuwa makavu, yana vuguvugu. Nikakimbia bandani nikaweka kiganja sakafuni. Baridi, kama tumbo la mtungi.

Basi hamu ikanishika kweli. Nikaacha kunyunyiza maji, nikainua sakafu kwa mawe na udongo mkavu, nikachimba mfereji nje mvua isiingie. Lakini juu yake nitandike nini? Nilileta mchanga wa korongoni. Kwenye jua ulikuwa mzuri, mvua ikinyesha unashika unyevu na kuganda kwa baridi. Nikajaribu majivu matupu, vifaranga wakapiga chafya banda zima. Nyasi ndefu ziliwafunga miguu, na chini yake zikaota ukungu. Nikarudi kwenye makapi ya uwele. Yakiwa mapya yanawasha, mnayajua, nilijikuna kama mwenye upele. Nikayaanika juani kwanza. Kisha nikatandaza majivu kidogo chini, makapi juu, na kila siku nayageuza kwa kijiti na kutoa palipolowa. Wale vifaranga waliobaki wakaanza kuchakura. Nilikaa mlangoni nikiwatazama hadi mboga ikaungua jikoni.

Lakini sasa, jamani, banda halikufagiwa. Mtu yeyote akichungulia anaona takataka tu.

Siku moja natoka kisimani, namkuta mama mkwe bandani na ufagio. Ndani nilikuwa nimetenga sehemu mbili kwa mabua ya mtama, vifaranga wasisongamane. Upande wa mlangoni ameshazoa makapi yote na kumwaga maji.

"Nakusaidia," akasema. "Hata kufagia umeacha. Shemeji zako wakiona hivi, mimi niwaambie nini?"

Mkwe habishani na mama mkwe. Lakini nilimwona binti yangu amesimama nyuma yake, nikapata mdomo.

"Mama," nikasema, "upande huu uwe wako, ufagie upendavyo. Ule wa ndani niachie mimi. Lakini chakula na maji niwape mimi wote, kwa mkono huu huu."

Alinitazama sana. Nadhani na yeye alitaka kujua, maana hakukataa.

Kila asubuhi alikuja na kibuyu chake cha maji na ufagio. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alifagia vizuri kuliko mimi. Na vifaranga wa upande wake wakajikunyata, mmoja mmoja, huku wangu wanarukia mabua. Asubuhi moja akamwokota aliyekufa, akamweka pembeni. Akagusa sakafu yake, kisha akapitisha mkono kwenye mabua na kuuzamisha ndani ya makapi. Aliuacha humo muda mrefu.

"Kumbe ni maji," akasema. Akauweka ufagio chini.

Wale wachache waliobaki upande wake tukawahamishia kwangu siku hiyo hiyo, mimi na yeye.

Nawashukuru majirani mlionipa makapi yenu bila kuniuliza ninapika nini nayo. Namshukuru Mungu aliyeniumba nikiwa mtu wa kuuliza. Na kwenu akina dada mlio vijana, nina neno moja. Ukiambiwa mkono wako una balaa, usikimbilie kuamini na usikimbilie kugombana. Upeleke mkono huo ukapapase mahali jambo linapoharibikia.

Shukrani kubwa ni ya mama mkwe wangu. Mvua zilipoisha, shemeji zangu walikuja, wakauliza mimi naondoka lini na mtoto anahamia kwao lini. Mama mkwe alikuwa uani anaanika makapi, wala hakuinua kichwa.

"Mtoto hahami," akawaambia. "Na anayetaka kumtoa mama yake hapa, aanze kunitoa mimi."