Aliyempa Mbuzi Maneno: Kumkumbuka Silvano Hoza wa Mlalo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko shambani, mlioko jikoni, na ninyi mliobanana dukani mkisikiliza redio ya mwenzenu, hamjambo. Sogeeni. Leo sianzi na muziki, maana nina habari imenijaa kifuani, nikiichelewesha itanipasua. Tunamkumbuka Silvano Hoza, mchora katuni wa Mlalo. Amefariki Jumapili ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Silvano Hoza, mchora katuni wa Mlalo, hatunaye tena.

Nani huko milimani hamjui Bwana Shauri wa katuni zake? Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku ya gulio, Silvano alishuka na karatasi moja ya manila kwapani, akaibandika kwenye mlango wa kibanda cha Hamza, fundi viatu. Karatasi moja, kisa kimoja. Hakumtoza mtu. Humo alikuwamo Bwana Shauri na koti lake, anafundisha watu kulima kabichi wakati za kwake zimeliwa na wadudu. Na pembeni yake alisimama mbuzi. Jamani, yule mbuzi! Alikuwa na jicho la mama mkwe aliyeona sufuria haijasuguliwa.

Sasa wapo mashabiki, halafu yupo Rahma Shekibula. Rahma anauza matunda, peasi na plamsi, mkabala na kibanda cha Hamza. Miaka tisa iliyopita bibi zetu pale gulioni walimwomba awasomee ile karatasi, kwa kuwa macho yao yamechoka na Kiswahili cha kuandikwa hakiwapi raha. Rahma akasoma kwa Kishambaa. Ikawa desturi. Karatasi ikibandikwa, plamsi zinaachwa zenyewe, bibi wanazunguka mlango, Rahma anasoma.

Basi, siku moja mdomo ukamponyoka. Kwenye karatasi, mbuzi hasemi. Silvano hakuwahi kumwandikia hata neno moja. Nasema hata moja. Lakini siku hiyo Bwana Shauri alikuwa anajisifu kwamba anajua kutibu kuku, Rahma akalitazama lile jicho la mbuzi, akashindwa kujizuia. Mbuzi akauliza: "Na wale watatu tuliowazika jana, ni wewe uliyewatibu?" Watu hoi! Hamza akajigonga kidole kwa nyundo. Tangu hapo hakuna gulio lililopita mbuzi asiongee, na watu wakawa wanatoka vijiji vya juu kabisa kuja kumsikia.

Raha hiyo ikaingia doa. Miaka minne iliyopita alipita mwalimu mmoja mgeni, akauliza mbuzi kasema nini, akasogea mlangoni, akasoma kwa macho yake. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba mbuzi hajaandikiwa kitu, na kwamba mama huyu anaharibu kazi ya mtu kwa maneno ya kwake. Rahma anasema uso ulimwaka moto. Kugeuka, akamwona Silvano mwenyewe amesimama nyuma ya magunia ya viazi, kofia mkononi. Silvano akavaa kofia, akaondoka zake.

Hapo ndipo Rahma alipoanza kumwogopa. Akikutana naye ni shikamoo, macho chini, huyoo. Bibi hawakukubali aache kusoma, akaendelea, lakini kila wiki alijiapiza kwamba siku ya gulio inayofuata atamwomba radhi. Ikafuata, ikapita. Miaka minne ikakatika hivyo, hadi Jumapili ile simu ilipopigwa. Aliniambia akiwa analia: "Nilimwonea haya mtu niliyempenda kuliko wote. Amezikwa hajasikia neno langu."

Jumanne, baada ya mazishi, watu walipokwisha kula, Rahma aliingia ndani kwa mjane, mama Jenoveva. Akampa shikamoo, akampa pole, kisha akapiga magoti akaungama yote. Wasikilizaji wapendwa, hapa mimi mwenyewe nimesimama, kiti kimenishinda. Mama Jenoveva alimtazama, akamuuliza: "Kumbe mbuzi ni wewe?"

Akafungua kabati, akatoa kaunta buku nene. Ndani, kwa mwandiko wa Silvano, yamo maneno yote aliyowahi kusema mbuzi, kwa Kishambaa, kila gulio na tarehe yake. Miaka tisa! Alikuwa anajibanza nyuma ya viazi, anasikiliza, anarudi nyumbani kumsimulia mkewe, wanacheka mpaka kikohozi kinamshika, ndipo anaandika. Na siku ya mwalimu? Mama Jenoveva alisema mumewe alirudi na hasira kweli, ila hasira zenyewe ni juu ya yule mwalimu. Yeye mama akamshauri amwandikie mbuzi maneno, mambo yaishe. Silvano akakataa. Alisema: "Nikimwandikia, Rahma atakosa pa kusemea." Na hakutaka Rahma ajue anasikilizwa, asije akaanza kuchagua maneno.

Halafu mama akamwonyesha karatasi iliyokuwa mezani. Silvano aliichora wiki yake ya mwisho. Bwana Shauri amelala kitandani, na kwa mara ya kwanza mdomo wake umefungwa. Mbuzi amesimama mlangoni, mdomo wake yeye uko wazi. Hakuna neno popote. Mama Jenoveva akasema: "Hii utaipeleka wewe."

Siku ya gulio Rahma akaibandika. Watu walikuwa wengi, biashara zilisimama. Anasema aliogopa kuliko siku ya mwalimu, kwa sababu akikosea atakuwa ameharibu kazi ya mwisho ya marehemu, na safari hii hakuna wa kumwomba radhi. Akalitazama tena lile jicho la mbuzi. Kisha mbuzi akasema, nami nawageuzia kutoka Kishambaa: "Bwana Shauri, mara nyingi ulikuwa unasema kweli. Mimi nilikuwa nakubishia tu, ili usinyamaze."

Bibi mmoja alianza kucheka, huku machozi yanamtoka. Wengine wakafuata. Jioni Rahma alirudi kwa mama Jenoveva, akaomba kalamu, akayaandika maneno yale kwenye kaunta buku, chini ya mwandiko wa Silvano, akaweka tarehe.

Pole sana mama Jenoveva, pole watoto wote wa marehemu, pole Hamza, pole Mlalo nzima. Mungu ampokee Silvano Hoza na kucheka kwake. Nasi tuliobaki tujiulize: yupo mtu ambaye kazi yake imetufurahisha miaka yote, na bado tunamwonea haya kumwambia? Huenda naye amejibanza mahali anatusikiliza. Wasikilizaji wapendwa, niwieni radhi, leo nafunga kipindi mapema kidogo. Kuna mtu nataka kumpigia simu.