Papa Vital, Makasi Yalale Kidogo

Mgeni rasmi, Papa Vital, mwana wa Bunia uliyefika hadi Kinshasa na bado ukatukumbuka. Shefu wa kartié, mkubwa wa mtaa wetu. Wazazi na watoto wote: jambo kwenu.

Sisi wakoko, mabibi wa chama cha Tega Nitegue, tunakupokea kwa mikono miwili. Boksi la kompyuta uliyotununulia liko mezani mbele yako, limefungwa utepe mwekundu, na makasi yako kwenye sahani. Tunaomba makasi yalale kidogo. Shika hiki kwanza.

Kitendawili! Mapacha wangu wawili, sura moja, nguo moja, kimo kimoja. Wa kwanza anapokea wageni watatu na kuwatandikia wote. Wa pili, mgeni wa tatu akibisha hodi, anazimia.

Kwetu asiyejua anatoa mji. Una nafasi mpaka tufike kwenye ombi.

TULIKOTOKA

Chama kilianzia nyuma ya jiko la parokia. Watoto waliokimbia vita vya Djugu walikuwa wanakaa pale wamenyamaza, hata kugombana hawagombani. Koko Emerance, aliyekuwa anachambua maharagwe, akawatupia kitendawili kama mtu anayetupia kuku mahindi. Wakasogea. Kesho yake wakaja na wenzao.

Baadaye redio ya hapa ikatupa kipindi cha kila Jumamosi. Emerance anatega. Koko Françoise, rafiki yake tangu wote wawili wana meno ya maziwa, anajibu vibaya makusudi. Watoto wanamcheka na kumsahihisha. Kitendawili ni sauti tatu: anayetega, anayekosea, na wanaocheka. Ukiondoa moja, kinabaki tangazo la kilio.

TULIYOYAPATA

Watoto wanacheka. Hilo la kwanza, na lingetosha.

La pili ni miji. Kwa kushinda, Emerance leo ni mwenye Mongbwalu yote na dhahabu yake, ingawa chai anakunywa bila sukari. Mji wa Gety amepewa mara mbili. Kasenyi ya kule ziwani peke yake hajawahi kuipata, kwa sababu Françoise alishuka kule kukaa na binti yake anayekausha samaki, na kila akishindwa anasema: "Kasenyi haitolewe, miye mwenyewe niko ndani!"

SHIDA

Njia ya Kasenyi si ya kuahidi mtu siku. Françoise anatuma sauti yake kwa simu, na sisi tunaiunganisha na zingine kwenye kompyuta ya zamani ya parokia. Sauti ya Emerance inaingia. Ya watoto inaingia. Ya Françoise ikigusa mlango tu, mashini inaganda.

"Imekufa?" Emerance anauliza.

"Hapana, Koko, iko inafikiri," mtoto mmoja anamjibu.

"Inafikiri kupita pasta!"

Jumamosi moja redio ilimtoa Emerance akitega bila Françoise wa kumjibu. Emerance alikuwa nyumbani anasikiliza. Alizima redio mwenyewe, akaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Ndipo barua yako ikafika, Papa: tuchague kompyuta ndogo ya kawaida, ama dada yake iliyoongezwa nguvu. Wewe unatujua tulivyolelewa. Ukiletewa vipande viwili vya nyama ugenini, mkono unaenda kwenye kidogo. Koko Denise, rais wetu, akasema: "Siye si batu ba tamaa. Tuandike ya kawaida inatosha." Tukaitikia: inatosha! Emerance ndiye aliitikia kwa sauti kupita wote. Alidhani ile ingine imeongezwa urembo.

Jana yeye na Denise walikwenda kuchukua boksi kwenye butiki ya Fiacre.

"Wakoko, mutafanya nini nayo?" Fiacre akauliza.

"Kuunganisha sauti tatu," Emerance akajibu.

Fiacre akakuna kichwa. "Koko, memwari ya mashini ni sawa mafiga. Hii iko na mafiga ya masufuria mbili."

"Tutaongeza mafiga."

"Haiongezwe. Venye imetoka kiwandani, ni venye itazeeka. Ghala ya kuweka vitu, ndiyo, munaweza kuchomeka ingine inje. Mafiga, hapana."

"Na dada yake?"

"Ile inapika tatu, na maji ya kuoga juu."

"Utabadilisha?"

"Boksi ikiwa haiyafunguliwa, nabadilisha. Ikifunguliwa, basi, Koko. Itakuwa yenu mpaka kiama."

Emerance akapanda pikipiki, boksi mapajani kama yai. "Tumekula adabu," akamwambia Denise, "sasa tunalala njaa."

"Basi umwambie Papa Vital."

"Miye? Weye ndiye uliandika!"

"Na weye ndiye ulipiga kelele!"

Papa, hivyo ndivyo risala hii ilivyozaliwa.

OMBI

Mkuu wa itifaki ametufundisha kwamba mgeni rasmi hafungui kinywa risala ikisomwa. Tunamshukuru sana. Maana yake hukujibu, na umeshindwa.

Mapacha ni zile kompyuta mbili. Yule anayezimia ndiye huyo mezani, ndani ya utepe wako. Kosa ni letu, si lako. Wewe ulituuliza vizuri, sisi tukajibu kama wageni kwa mtoto wetu wenyewe.

Sasa toa mji. Kinshasa hatuitaki, ni pana kuifagia. Ghala kubwa pia hatuombi, tutachomeka ya nje. Tunaomba uongeze bei ya mafiga tu. Mji Emerance amekwisha kuuchagua: anataka Kasenyi, na Kasenyi haiingii ndani ya boksi hilo.

Tazama mstari wa nyuma, karibu na mlango. Yule ni Fiacre. Boksi la pili liko magotini mwake, na utepe tumeshaufunga. Wewe nyoosha kidole tu, halafu makasi yaamke.

Mungu akupe nyumba yenye watu wanaocheka kupita idadi ya viti vyake. Nasi Jumamosi tutasema "Kitendawili!", na kutoka ziwani Kasenyi itatuitikia: "Tega!"

Ni sisi wako,
Wakoko wa Tega Nitegue, Bunia.